Yatima Hadeki

Assalaam aleikum wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mlioketi hapo ngazini.

Jana usiku filamu ilipokwisha hapa uani mwa Ngome, mama mmoja alipita karibu yangu akisema, "Maskini, wanashindania mama." Maneno hayo nimeyalalia na nimeyaamkia.

Kwa ambao hawakuwahi kuja: filamu inaitwa December Boys. Ilitoka mwaka 2007, mwongozaji wake ni Rod Hardy, na imetokana na riwaya ya Michael Noonan ya mwaka 1963. Wavulana wanne wa makao ya yatima ya Kikatoliki huko Australia, wote wazaliwa wa Desemba, wanapelekwa likizo kwenye kijiji cha pwani. Huko wanapata habari kwamba mke na mume wasio na mtoto huenda wakamchukua mmoja wao.

Mmoja tu. Na hapo ndipo udugu wao unapoingia ufa. Watatu wadogo wanaanza kushindana, kila mmoja ajipendekeze zaidi ya mwenzake. Maps, mkubwa wao, hashiriki. Ameshapita umri wa kuchukuliwa, naye anajua. Mambo yake na msichana mmoja aliyekutana naye huko nayapita, walimu wangu wapo hapa. Ila nisiache kusema hili: kijana aliyekata tamaa ya kupendwa nyumbani humpa moyo wake wote mtu wa kwanza aliyemtazama vizuri. Wenye vijana wa makamo hayo wananielewa.

Sisi tuna msemo: yatima hadeki. Tunausema kama ushauri, tena mara nyingi mbele ya mtoto mwenyewe. Jana nimeuona ni msiba. Mtoto mwenye mamake hununa, hususa chakula, hulia kwa jambo dogo, kisha hulala mapajani mwa yule yule aliyemnunia. Ndiko kudeka huko. Anadeka kwa sababu hana hofu ya kuachwa. Wale watoto wa filamu ni wema kupita kiasi, na wema ule ni wa mtu aliye kwenye mtihani.

Nilipokuwa mdogo, baba alirudi siku moja na mtoto wa rafiki yake ambaye bahari ilimchukua msimu wa kusi. Alikuwa na miaka saba hivi. Tulikula sinia moja, watoto watano. Yule mgeni wetu alikula wali wa mbele yake tu. Samaki alikuwa katikati, na mkono wake haukufika katikati. Mama akimsogezea kipande, alisema "ahsante mama" na kukigawa, nusu akampa mdogo wangu. Majirani wakamsifu: mtoto ana adabu huyu! Mama hakusifu. Alikuwa akimtazama tu.

Dini yetu imelizungumza jambo hili wazi. Mtume mwenyewe, rehma na amani zimshukie, alizaliwa babake ameshafariki, akafiwa na mama akiwa na miaka sita, akalelewa na babu kisha na ami yake Abu Talib. Alipomtaja mlezi wa yatima alionyesha vidole viwili, cha shahada na cha kati, kuwa ndivyo watakavyokuwa karibu peponi. Na kafala yetu, yaani kumlea mtoto wa mwenzio kwa dhamana, haimwondolei mtoto ukoo wake: anabaki na jina la babake. Harithi kama mwana wa kuzaa, lakini mlezi anaweza kumuusia hadi thuluthi ya mali yake. Wengine huuliza, akibaleghe je, na nyumba ina mabinti? Aliyenyonyeshwa humo kabla ya miaka miwili ni ndugu yao. Asiyenyonya, nyumba itajipanga. Nyumba zetu za mawe zina daka la mlangoni na vyumba vya ndani tangu zamani, hazikosi mahali pa kumsitiri mtu.

Hata serikali imefika hapo. Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2022 imeitaja kafala kwa jina lake, na upo mkakati wa miaka kumi, 2022 hadi 2032, wa kuwatoa watoto kwenye makao na kuwarudisha kwa familia. Wengi wao wana mzazi au jamaa aliye hai. Kilichowapeleka kule ni umaskini. Basi sisi tunaopeleka mchele na kanzu mpya kila Idd, tukawapanga mstari tukawapiga picha, tuulizane: shangazi wa mtoto huyu yuko wapi, na anakosa nini hata asimlee?

Mwisho wa filamu, Misty, mmoja wa wale wadogo, ndiye anayechaguliwa. Anaomba abaki na wenzake. Wengi jana mlipiga makofi. Mimi sikuweza. Namwelewa: wenzake watatu walishamwona na kamasi zake na uongo wake wala hawakumwacha, na kwao aliweza kudeka. Lakini mtoto mdogo vile asiwekwe pahali pa kuchagua baina ya mama na ndugu zake. Waliostahili kuulizwa swali ni wakubwa waliotaka mmoja kati ya wanne.

Nimalizie ya yule ndugu yangu. Ilipita karibu miezi minane. Usiku mmoja mama kaweka sinia, yeye akalitazama, akalisukuma kidogo kwa vidole. "Sitaki wali. Kila siku wali. Mimi nataka mkate wa mofa." Sote tukanyamaza, tukangoja akemewe. Mama aliinuka akaenda jikoni, nami nikamfuata. Nilimkuta amesimama gizani, leso machoni, analia na kucheka.

"Mwite babako," akaniambia. "Mwambie mtoto amefika."