Jina la Kiswahili, ndani Kiingereza

Asanteni sana, wale wa mlangoni sogeeni kuna viti huku mbele. Leo naongelea majarida ya chuo, na sianzi na ya maprofesa, naanza na la wanafunzi maana ndo linaloniuma zaidi.

Novemba 1969 hapa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wanafunzi walianzisha jarida linaitwa Cheche. Lilikuwa la kikundi cha USARF, yani kikundi cha wanafunzi wanamapinduzi wa Kiafrika hapa chuoni, kile ambacho Yoweri Museveni aliwahi kuwa mwenyekiti wake, pamoja na Umoja wa Vijana wa TANU, chama tawala cha wakati ule, na wahariri ni Karim Hirji, Henry Mapolu na Zakia Meghji. Kiwanda cha uchapaji hawana, wanapiga taipu kwenye stensili, ile karatasi ya nta ya kurudufia, wanazungusha mashine, wanapanga kurasa kwa mkono, wanabana, alafu wanauza wenyewe. Walter Rodney, yule mwanahistoria wa Guyana aliyekuwa anafundisha hapa, aliandika humo. Na mwaka 1970 likatoka toleo maalumu, lote makala ndefu ya Issa Shivji kuhusu mapambano ya matabaka Tanzania, kijana mdogo kabisa wakati huo, na watu wanaisoma mpaka leo.

Novemba 1970 likapigwa marufuku, yani mwaka mmoja tu. Sababu mojawapo iliyotolewa ni hilo hilo jina, kwamba cheche ni tafsiri ya Iskra, gazeti la kina Lenin, kwahiyo linaleta picha kwamba Tanzania inajenga ujamaa wa Kirusi. Likafuata jarida la MajiMaji chini ya Umoja wa Vijana.

Sasa mnaona, jina lilibishaniwa hivo, lakini ukifungua ndani sehemu kubwa ni Kiingereza. Siwalaumu, ndo lugha waliyosomeshwa. Ila mkulima wanayemtetea kwenye kila ukurasa hakuweza kulisoma, na hilo kwangu ni pengo kubwa.

Na siyo wanafunzi tu. TATAKI, yani Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya hapa chuoni tunayojivunia, mizizi yake ni ile Kamati ya Lugha ya mwaka 1930, ya enzi za mkoloni, ikahama Dar kwenda Nairobi, ikaenda Makerere, ikapita Mombasa ndo ikarudi Dar, na 1964 ikawa TUKI, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili. Jarida lake la mwanzo lilikuwa linajadili Kiswahili kwa Kiingereza! Miaka mingi imepita ndo tukapata majarida mawili, moja linaitwa Kiswahili na lingine Mulika, ambamo mtu anachambua ushairi au sarufi kwa lugha yenyewe na hakuna anayeshangaa. Kwahiyo inawezekana, tumeshaona.

Watu wananiambia mwalimu, kwenye fasihi sawa, lakini sayansi istilahi, yani maneno ya kitaalamu, hazipo. Zipo. TUKI walitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia tangu 1990, nyie wengi hapa hamjazaliwa. Shida ni kwamba neno halikui kwenye kamusi, linakua pale mtu analitumia kwenye makala, mwingine analipinga, wa tatu analirekebisha, na hiyo kazi inafanyika kwenye jarida, hakuna pengine. Tulitengeneza maneno tukayaacha kabatini.

Angalieni Taasisi yetu ya Sayansi za Bahari kule Zanzibar. Wanatafiti matumbawe, samaki, mwani, kazi nzuri kabisa, na kinamama wanaolima mwani wako hapo hapo Unguja wanaona joto la maji linavyouharibu kabla hata ya mtafiti kufika. Makala inatoka kwa Kiingereza, mtafiti anapandishwa cheo, yule mama aliyejibu maswali yote hapati hata ukurasa mmoja wa kusoma. Kwa kweli inaniumiza, na nasema hivi nikijua mimi mwenyewe nimeandika makala nyingi zaidi kwa Kiingereza, na sioni fahari.

Kwahiyo ombi langu ni dogo. Wale wahariri wa Cheche walikuwa wanafunzi, hawakusubiri shahada ya uzamivu, na nyie leo hamhitaji hata stensili, simu inatosha. Chukua utafiti wako wa mwaka wa tatu, uwe wa udongo, wa sheria ya ardhi au wa malaria, uandike kurasa mbili kwa Kiswahili ambacho mjomba wako kijijini atakisoma mpaka mwisho. Mnaosoma bayolojia na kemia nitawapa orodha ya istilahi. Nileteeni Ijumaa, nitasoma zote, na nitakazokwama tutakaa pamoja tuzipige msasa.

Haya, maswali, tuanze na yule dada wa nyuma.