Dawa za Mwanamume Anayewahi Kufika Kileleni, na Sababu ya Kudai Cheti cha Daktari

Wazee wangu, ndugu zangu, na akina mama mliokubali kukaa nasi katika mada ambayo kwa kawaida huzungumzwa kwa kunong'ona: nimeombwa nieleze dawa za hospitali anazoweza kuandikiwa mwanamume anayemaliza tendo la ndoa mapema kuliko anavyotaka yeye na mwenzake. Naanza na jambo tunalokutana nalo sana sisi wafamasia dirishani. Mteja huomba dawa ya nguvu za kiume, lakini ukimwuliza kwa upole, tena pembeni, unakuta uume wake unasimama bila shida yoyote, ila shahawa zinamtoka mapema mno. Hayo ni matatizo mawili tofauti. Sildenafili, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Viagra, huongeza mtiririko wa damu katika uume, wala haigusi sehemu za ubongo na neva zinazoamua shahawa zitoke saa ngapi. Humfaa anayewahi ikiwa tu uume wake nao unalegea, kwa maana mtu wa namna hiyo mara nyingi hufanya haraka kwa hofu ya kulegea katikati ya tendo.

Mapema ni lini? Wataalamu wa Jumuiya ya Kimataifa ya Tiba ya Afya ya Kujamiiana walikubaliana mwaka 2014 kwamba aliye na tatizo hili tangu ujana wake ni yule ambaye karibu kila mara humaliza kabla ya kuingia au ndani ya dakika 1 hivi baada ya kuingia, na ambaye limempata ukubwani ni yule aliyekuwa sawa kisha muda wake ukashuka hadi dakika 3 au chini yake. Wote wawili wawe hawawezi kujizuia, na jambo lenyewe liwe linawatesa. Nalisisitiza hili kwa sababu ya vijana wanaojipima kwa picha za ngono za kwenye simu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2005, uliohusisha wapenzi wa nchi tano, Uingereza, Uholanzi, Hispania, Uturuki na Marekani, muda wa katikati ulikuwa dakika 5.4, yaani nusu ya wanaume walimaliza kabla ya hapo. Anayemaliza kwa dakika 6 na kujiona mgonjwa anahitaji maelezo, hahitaji kidonge.

Sasa dawa zenyewe. Zilipatikana kupitia madhara ya dawa nyingine. Wagonjwa wa sonona waliokuwa wakitibiwa kwa dawa zinazoongeza serotonini, kemikali inayopeleka ujumbe, katika ubongo walilalamika kwamba wanachelewa mno kufika kileleni, na madaktari wakaona kwamba kero ya mgonjwa mmoja inaweza kuwa tiba ya mwingine. Mwaka 1994 Marcel Waldinger na wenzake huko Uholanzi walichapisha jaribio la paroksetini, mojawapo ya dawa hizo za sonona, kwa wanaume wanaowahi, na dawa hiyo ikaonekana inafaa. Paroksetini humezwa kila siku, wala haifanyi kazi siku ile ile. Matokeo huanza kuonekana baada ya siku kadhaa na hukamilika baada ya wiki moja au mbili. Setralini na klomipramini, nazo dawa za sonona, hutumiwa pia. Dawa hizi zilisajiliwa kwa ajili ya maradhi mengine, kwa hiyo daktari anayeziandika kwa tatizo hili anabeba jukumu la kukueleza hivyo, kukuuliza kama unatafuta mtoto, maana paroksetini inaweza kushusha ubora wa mbegu kwa muda unaoitumia, na kumfuatilia kwa karibu kijana wa chini ya miaka 25, kwa kuwa mawazo ya kujidhuru yanaweza kumjia mwanzoni mwa tiba. Usiiache ghafla pia, kwani kizunguzungu, wasiwasi na usingizi wa mang'amung'amu vitakupata. Hupunguzwa kidogo kidogo.

Dapoksetini, inayouzwa kwa jina la Priligy na mengine, ndiyo iliyotengenezewa tatizo hili mahususi. Huingia katika damu haraka na kupungua haraka, kwa hiyo humezwa saa 1 hadi 3 kabla ya tendo, miligramu 30 kwanza, isizidi mara moja ndani ya saa 24. Finland na Sweden ziliiidhinisha mwaka 2009, ilhali Marekani iliikataa mwaka 2005. Katika majaribio makubwa yaliyochapishwa mwaka 2006, wanaume waliokuwa wakimaliza kwa wastani wa dakika 0.9 walifika dakika 2.78 kwa miligramu 30, na 3.32 kwa miligramu 60. Waliopewa kidonge kisicho na dawa walifika 1.75. Nawaomba mzitazame hesabu hizo kwa utulivu. Dawa inasaidia, na kwa mtu wa sekunde 50 dakika tatu ni unafuu mkubwa katika nyumba yake, lakini anayewaahidi saa nzima anawadanganya.

Hapa ndipo cheti kinapokuwa na maana. Dapoksetini inaweza kumwangusha mtu kwa kuzirai, ndiyo maana daktari hupima shinikizo la damu ukiwa umelala kisha ukiwa umesimama kabla ya kukuandikia, na ndiyo maana haipewi mwenye moyo ulioshindwa kazi au mapigo yenye hitilafu, wala haichanganywi na pombe. Huvunjwa na ini, na zipo dawa zinazolizuia ini lisiivunje. Ndugu zetu wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI za mstari wa pili, yaani za yule ambaye zile za kwanza hazikumfaa, zenye atazanaviri au lopinaviri pamoja na ritonaviri, hawapaswi kabisa kumeza dapoksetini, kwa sababu itajaa katika damu yao. Anayetumia flukonazoli kwa fangasi, au erithromisini, asivuke miligramu 30. Mtu anayenunua kidonge hiki mtaani kwa aibu ya kuonekana hospitali hana wa kumwuliza maswali haya, na mara nyingi yule anayemuuzia hajui kwamba yanapaswa kuulizwa.

Kuhusu tramadoli nitasema wazi, kwa maana najua vijana wanaitumia kwa lengo hili. Ni dawa ya maumivu yenye undugu na mofini. Ni kweli inachelewesha, lakini inajenga uraibu, inaweza kuleta degedege, na ikikutana na dapoksetini au paroksetini huweza kuzidisha serotonini hadi mtu akatetemeka, akapanda homa, akachanganyikiwa, hata akafa. Vivyo hivyo, unga usiojulikana umechanganywa na nini, kama ule unaouzwa kwa jina la vumbi la Kongo, siwezi kumshauri mtu yeyote autumie, na zaidi ya wote mgonjwa wa moyo.

Asiyeweza kumeza vidonge anaweza kuandikiwa krimu ya ganzi yenye lidokaini na prilokaini, inayopakwa kwenye kichwa cha uume dakika 20 hadi 30 kabla. Aioshe kabla ya kuingia, au avae kondomu, la sivyo ganzi itampata na mkewe, na hapo mwenzake amenyimwa raha kwa jina la kumpa raha.

Aliyeanza kuwahi ukubwani asikimbilie lolote kati ya haya kabla ya kupimwa, kwani uchochezi wa tezi dume (si ule ukuaji wake wa uzeeni) au homoni za tezi ya shingo zilizozidi huweza kuwa chanzo, na vikitibiwa tatizo hupungua. Aliyeandikiwa dapoksetini arudi kwa daktari baada ya wiki 4 au dozi 6, ikiwezekana pamoja na mkewe, ili waamue kama inafaa kuendelea. Wenye maswali wasiyopenda kuyauliza mbele ya watu, nitakuwa kwenye chumba cha pembeni. Njooni na vidonge mnavyotumia nyumbani, vyote, hata vya presha.