Uliza Kwanza Alikula Nini

Haya tukae tuanze, najua wengine mshanisikia kwenye hili na mtanivumilia tena. Kila mara naletewa ripoti, mtu kalinganisha vijidudu vya tumbo la ng'ombe na vya mbuzi, kakuta tofauti, kafurahi. Mimi nauliza kimoja tu, walikula nini? Kimya. Kumbe ng'ombe alikuwa bandani analishwa nyasi kavu, mbuzi yuko vichakani anachuma majani. Sasa hapo umelinganisha wanyama au umelinganisha chakula?

Ile sensa kubwa ya 2015 ya vijidudu vya rumeni, yaani lile tumbo kubwa la kwanza la wanyama wanaocheua, ilichukua sampuli 742, aina 32 za wanyama, nchi 35. Bakteria waliotawala walikuwa karibu wale wale kila mahali, na kilichowabadilisha zaidi kilikuwa chakula, mnyama mwenyewe akafuata nyuma.

Lakini kisa ninachokipenda ni cha lusina. Mti mzuri, majani yana protini, ila yana sumu inaitwa mimosini. Ikifika tumboni vijidudu vya kawaida vinaigeuza kuwa sumu nyingine, DHP, inayovuruga tezi ya shingo. Australia ng'ombe walikula lusina wakaanza kupukutika manyoya, tezi zinavimba, uzito hauongezeki. Huku Hawaii mbuzi wanakula lusina ile ile na wako fiti kabisa! Mtu mvivu angesema ah, mbuzi ni mbuzi bana, anakula chochote. Raymond Jones, mtafiti wa Australia, hakusema hivyo, yeye alishuku wakazi wa tumbo. Miaka ya 80 vijidudu vya mbuzi wa Hawaii vikapelekwa Australia vikapandikizwa kwa ng'ombe, na ng'ombe wakaanza kuivunja ile DHP, tena vikasambaa vyenyewe kwa wenzao malishoni. Bakteria mmojawapo akaja kupewa jina mwaka 1992, Synergistes jonesii, hilo la pili ni la Jones. Yaani kijidudu kimetoka kwa mbuzi kimeingia kwa ng'ombe kikapiga kazi kama kwao, hakikuuliza kabila la mwenye tumbo.

Najua kuna mtu hapo mbele ananuna, anataka kusema kwani mbuzi na ng'ombe hawatofautiani kabisa? Wanatofautiana, nani kakataa? Kwa ng'ombe chakula kinakaa tumboni muda mrefu zaidi. Halafu mbuzi ni mchaguzi, ule mdomo wake unachambua majani unaacha vijiti, kwa hiyo hata ukiwawekea lishe moja usijidanganye kwamba wamekula kitu kimoja, pima kilichobaki kwenye hori. Hilo nalo hamlifanyi.

Na jamani, kinyesi! Kinyesi si rumeni. Kuokota kinyesi ni rahisi, naelewa, lakini hao ni wakazi wa utumbo wa nyuma, ukiandika "vijidudu vya rumeni" kwenye kichwa cha ripoti unanidanganya mchana kweupe.

Protozoa, vijidudu vya rumeni ambavyo si bakteria, nilitaka niwaeleze, hao ndio wanabadilika sana kati ya mnyama na mnyama, ndama anawapata kwa mate ya mama yake, ila naona naonyeshwa saa. Metheni, ile gesi ya tumboni, pia tuiache, shikeni tu kwamba inatoka zaidi kwa kubeua, si huko mnakochekea. Ngamia anacheua lakini matumbo yake matatu si manne, msimtupie kwenye jedwali moja na kondoo bila maelezo.

Maswali? Wewe wa nyuma, ndiyo. Kama ni la kinyesi kaa chini.