Injini ya Gari Juu ya Magurudumu Mawili

REHEMA: Msikilizaji wetu, karibu tena. Mimi ni Rehema, na pamoja nami yupo kaka Baraka, ambaye tangu tufahamiane hajawahi kupita karibu na pikipiki kubwa bila kusimama na kuinama ili aitazame injini yake. Leo tunazizungumzia pikipiki zilizovuka kipimo, pamoja na watu wanaozipenda.

BARAKA: Asante sana, dada Rehema. Naomba tuanze na kipimo ambacho kila msikilizaji anakifahamu. Pikipiki nyingi za bodaboda hapa kwetu zina injini ya silinda moja yenye cc 100 hadi 150. Kwa upande wa zile zinazotengenezwa kwa wingi kiwandani, Rocket 3 ya kampuni ya Triumph ya Uingereza ina cc 2,458, na hiyo tayari ni kubwa kuliko injini za magari mengi ya familia. Sasa twende Dyersburg, mji mdogo wa jimbo la Tennessee nchini Marekani. Huko Monte Warne alianzisha kampuni ya Boss Hoss mwaka 1990, akachukua injini ya gari ya Chevrolet yenye silinda 8 na kuifungia fremu ya magurudumu mawili. Yapo matoleo yenye injini ya lita 6.2 na nguvu farasi 445, na pikipiki nzima ina uzito wa takriban nusu tani.

REHEMA: Nusu tani ambayo mtu mmoja anapaswa kuizuia kwa miguu yake miwili anaposimama kwenye taa za barabarani. Niseme wazi, kaka Baraka, kwamba nilipoisikia habari hii kwa mara ya kwanza niliiona kuwa ni majivuno ya wenye fedha. Kuna haja gani ya nguvu hizo zote?

BARAKA: Haja ya usafiri haipo, na sitaki kumdanganya msikilizaji. Hata hivyo, hamu hii ni kongwe kuliko wengi wanavyodhani. Mwezi Januari mwaka 1907, kwenye ufukwe wa Ormond Beach huko Florida, fundi Mmarekani Glenn Curtiss alipanda pikipiki aliyoifungia injini ya silinda 8 iliyokusudiwa vyombo vya angani. Haikuwa na giaboksi, kwani shafti ilipeleka nguvu moja kwa moja kwenye gurudumu la nyuma. Alipita maili moja iliyopimwa kwa sekunde 26.4, ambayo ni mwendo wa takriban kilomita 219 kwa saa, ingawa injini yenyewe ilikuwa na nguvu farasi 40 tu. Alipojaribu tena, kiungo cha shafti kilivunjika na fremu ikapinda, lakini aliweza kuisimamisha. Chombo hicho kimehifadhiwa katika makumbusho ya Smithsonian nchini Marekani.

REHEMA: Kwa hiyo fundi wa Tennessee aliirudia kazi ya fundi aliyemtangulia kwa zaidi ya miaka 80.

BARAKA: Aliirudia, na akalazimika kutatua matatizo ambayo Curtiss aliyakwepa kwa kukimbia njia iliyonyooka. Hapa ndipo penye utamu wa jambo lenyewe. Injini kubwa ya namna hii hulazwa kwa urefu, hivyo krenki yake, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, huzunguka ikifuata mstari wa pikipiki kutoka mbele hadi nyuma. Mwendeshaji anapofungua mafuta ghafla akiwa amesimama, krenki huongeza kasi upande mmoja na mwili wa injini hujibu kwa kusukumwa upande wa pili, kwa hiyo pikipiki nzima huinama kidogo ubavuni kana kwamba kuna mtu ameisukuma bega. Anayeipanda kwa mara ya kwanza hushtuka. Aliyeizoea huukaza mguu mmoja kabla hajaugusa mpini wa mafuta.

REHEMA: Na kwenye kona je? Tairi la nyuma nimeliona kwenye picha, na upana wake ni wa tairi la gari.

BARAKA: Tairi pana lina tabia ya kutaka kubaki wima, kwa sababu sehemu inayogusa lami huhama kuelekea ukingoni pikipiki inapolala, na uzito husukuma kuirudisha juu. Mwendeshaji wa bodaboda hulaza pikipiki yake kwa kuusogeza mwili tu, ilhali mwenye Boss Hoss hulazimika kuusukuma usukani kwa nguvu na kuendelea kuushikilia hadi kona iishe. Upande wa gia, nguvu ni nyingi kiasi kwamba hakuna haja ya gia sita. Matoleo ya baadaye yana gia mbili za mbele zisizohitaji klachi, na moja ya nyuma.

REHEMA: Gia ya nyuma kwenye pikipiki! Nitairudia hiyo. Kwanza niwataje wengine, kwa maana aliyenivutia mimi zaidi si huyu wa Tennessee. Katika kijiji cha Zilly, eneo lililokuwa Ujerumani Mashariki, Tilo na Wilfried Niebel walijenga pikipiki yenye injini ya kifaru cha Kisovieti. Ilipopimwa mwaka 2007 ilikuwa na uzito wa tani 4.749, ikaandikwa kuwa pikipiki nzito kuliko zote duniani. Naye Fabio Reggiani wa Italia aliunda pikipiki ndefu kwenda juu, mita 5.10 kutoka ardhini hadi kwenye usukani, na mwaka 2012 iliendeshwa kwa mita 100 huko Montecchio Emilia.

BARAKA: Kazi ya mikono yao naiheshimu, dada yangu, lakini siwezi kuziita pikipiki. Pikipiki kwangu ni chombo ambacho mwili wa mwanadamu unakibeba. Wewe ukilala, nacho kinalala, na ukikosea kinakuangusha. Chombo cha tani 4 hakijui kwamba upo.

REHEMA: Hapo tunatofautiana, na sitakubali upesi. Injini iliyotengenezwa kwa ajili ya kuvunja nyumba za watu imetolewa kwenye chuma cha vita, na wanakijiji wakaipa magurudumu ili watoto waje kuishangaa. Mimi sijali kama inalala kwenye kona. Nikifika Zilly, hiyo ndiyo nitakayoiomba niiguse.

BARAKA: Basi tubaki hivyo, kila mmoja na yake. Wenye Boss Hoss wenyewe hawabishani sana juu ya majina. Katika mji wa Sturgis, South Dakota, ambako waendesha pikipiki wamekuwa wakikusanyika tangu mwaka 1938, mamia ya maelfu ya watu hujaa kila Agosti katika mji wenye wakazi wachache mno. Hapo pikipiki huegeshwa barabarani kwa safu, gurudumu la nyuma likielekea ukingo wa njia, na watu hutembea polepole katikati wakizitazama kama wanunuzi wa samaki mnadani.

REHEMA: Na hapo ndipo ninaporudi kwenye gia ya nyuma, maana maegesho hayo yana mteremko.

BARAKA: Umelenga penyewe. Barabara nyingi huinuka katikati ili maji ya mvua yatiririke kandoni, kwa hiyo anayeegesha hushuka kinyumenyume, na anapoondoka hupanda kwenda mbele, jambo ambalo ni rahisi. Shida humpata anayeingiza gurudumu la mbele kwanza. Akiwa na pikipiki ya kilo 120, hushuka na kuivuta kwa mikono. Akiwa na nusu tani bila gia ya nyuma, hukaa juu yake akisubiri wapita njia wanne wenye mabega mapana.