Nyuzi 24 Jumamosi, lakini maji bado ni ya baridi

Hamjambo ndugu zangu mlioko nyumbani? Wazee wangu mnaotazama, shikamooni. Hapa ni saa kumi na moja na nusu alfajiri na jua limeshatoka, si mnaliona linavyopiga kwenye yale mapaa? Ngoja niinamishe kamera muone majani. Huu wote ni umande. Nimeupitisha mkono mara moja tu na vidole vimeanza kufa ganzi. Juni hiyo! Na simu yangu inaniambia leo mchana tutafika nyuzi 17.

Ni wiki ya kwanza ya majira ya joto. Utabiri wetu uko hivi: leo Jumatatu 17, kesho 18, Jumatano 18 na manyunyu, Alhamisi 20, Ijumaa 22, Jumamosi 24, Jumapili 25. Joto linapanda ngazi moja moja, halirukii. Mimi nimefurahi sana, siwafichi. Ukishapitisha miezi mingi ya giza na baridi, nyuzi mbili zikiongezeka unazihisi mwilini kama habari njema.

Ila video hii naifanya kwa ajili ya wale mnaofunga mizigo kuja huku nchi za kaskazini mwezi huu, na wale wenye watoto wao huku. Mtu anaona 24 kwenye simu, anasema basi, ni kama kwetu. Sivyo. Ile namba kubwa ni kilele cha siku, kinafikiwa alasiri, saa tisa au saa kumi, kisha joto linaanza kushuka. Chini yake kuna namba ndogo ambayo wengi hawaitazami, na wiki hii ni 7, 8, mwisho 11. Hiyo ndiyo utakayokutana nayo ukitoka mapema asubuhi kwenda kazini. Anga likiwa jeupe bila wingu ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu joto la ardhini linapaa usiku kucha na hakuna cha kulizuia. Mawingu ni blanketi. Kwa hiyo mama, koti lako liingie kwenye begi, hata kama mwanao amekuambia huku ni joto.

Na ile asilimia 40 ya mvua ya Jumatano haimaanishi kwamba mvua itanyesha karibu nusu ya siku. Maana yake, zikipatikana siku kumi za namna hiyo, nne hivi zitapata mvua. Mwavuli ubebe, shughuli zako usizivunje.

Sasa kwa nini joto lije taratibu hivi, wakati jua linawaka kutwa? Nilipofika huku nilidhani dunia imesogea karibu na jua. Kumbe ni kinyume chake! Mwanzoni mwa Julai ndipo dunia inapokuwa mbali zaidi na jua, kama kilomita milioni 152, na Januari, kwenye theluji, ndipo inapokuwa karibu, milioni 147. Kinachofanya kazi ni kule kulala upande kwa dunia, digrii 23.4. Mji ulioko latitudo ya 50 kaskazini, mwezi Desemba jua la adhuhuri linafika digrii 16 na nusu tu juu ya upeo wa macho, linatambaa tu, na mchana una urefu wa saa nane. Ifikapo Juni 21 jua lile lile linafika digrii 63 na mchana unapita saa 16. Huko kwenu karibu na Ikweta mchana una urefu wa saa 12 hivi mwaka mzima, ndiyo maana saa zetu za Kiswahili tunazihesabu tangu jua linapochomoza na zinakubali. Huku zinagoma. Jana nilimpigia dada yangu, nikamwambia ni saa tatu usiku, na huku jua linanimulika machoni. Hilo neno "usiku" lilinikwama.

Lakini siku ndefu kuliko zote siyo siku ya joto kuliko zote. Huko nyumbani mnalijua hili bila kufundishwa: jua linasimama utosini saa sita, lakini joto la kukuchosha linakuja saa nane, saa tisa. Huku mwaka mzima unafanya hivyo hivyo. Jua linafika kileleni Juni, joto linafika Julai, pengine Agosti. Udongo na kuta zimelala baridi miezi mingi, lazima zipate moto kwanza. Na kinachochelewa kuliko vyote ni maji.

Hapo kwenye maji naomba mnisikilize vizuri.

Mwaka wangu wa kwanza, mwishoni mwa Mei, ilikuja siku moja ya nyuzi 26. Ziwa lilikuwa la buluu, limetulia. Mimi ni mwogeleaji tangu utotoni, nikakimbia kwenye gati nikaruka. Kifua kilibanwa kama mtu amenikumbatia kwa waya. Nilivuta pumzi kubwa bila kutaka, nikavuta na maji, na mikono ikawa inapiga tu ovyo. Gati lilikuwa hatua tatu kutoka nilipo. Niliushika ule ubao wa pembeni na nikauganda mpaka nikavutwa juu.

Haikuwa kwa sababu sijui kuogelea. Maji yakiwa chini ya nyuzi 15, mwili unashtuka wenyewe: pumzi inaingia kwa nguvu, kisha unahema mbio, na kichwa kikiwa chini ya maji wakati huo unayanywa. Hewa inapata joto kwa siku moja, ziwa linahitaji wiki nyingi. Kwa hiyo siku za kwanza za joto ndizo za kuogopwa, maana hewa inakuita na maji hayajawa tayari. Ukiwa na mtoto anayesoma huku, mwambie leo: asiruke, aingie taratibu, asiende peke yake, kwenye mtumbwi avae jaketi okozi. Na akianguka, asipigane na maji. Alale chali, masikio yaingie majini, aelee tu. Ule mshtuko unapungua ndani ya dakika moja, mbili, tatu. Pumzi ikirudi, ndipo aogelee au aite watu.

Jambo jingine dogo: hewa ikiwa ya baridi, jua si la baridi. Jua la Mei 21 linapanda juu angani sawa na jua la Julai 23, linachoma sawa, na sisi wenye ngozi nyeusi linatuunguza pia, ingawa polepole zaidi. Kofia muhimu.

Jumamosi nitakwenda pale pale kwenye gati. Nimenunua kipimajoto, nimekifunga kwenye kamba ya mita mbili, hiki hapa. Nitapima hewa, halafu nitakishusha majini mbele yenu, tuone hizo nyuzi 24 zinabaki ngapi.