Tairi za Mbele Zinafanya Kazi ya Watu Watatu

REHEMA: Karibuni tena kwenye kipindi. Mimi ni Rehema, niko na kaka Idi, na leo ni zamu ya gari linalovuta kwa mbele kwenye otokrosi. Nazungumzia mbio zile za uwanja wa lami uliopangwa koni, gari linaingia moja moja na saa inahesabu. Swali linalonifikia kila mara ni hili: "Nikifika kwenye kona nakata usukani, gari lenyewe linanyoosha mbele. Nifunge nini?"

IDI: Asante, dada Rehema. Kabla ya kufunga kitu, tuzihurumie kwanza tairi za mbele. Injini iko mbele, giaboksi iko mbele, difu iko mbele. Kwa gari dogo la namna hii, asilimia 60 ya uzito au zaidi imekalia tairi mbili za mbele. Hizohizo ndizo zinazokata kona, hizohizo ndizo zinazovuta, na ukikanyaga breki, hizohizo zinabeba sehemu kubwa ya kazi. Za nyuma zinafuata tu. Na mshiko wa tairi una mwisho. Ukiutumia wote kukata kona, haubaki wa kuvutia gari.

REHEMA: Na ukikanyaga mafuta ukiwa bado ndani ya kona...

IDI: Pua inatoka nje. Dereva akiona hivyo anazidisha usukani, na hapo ndipo anapoiua tairi kabisa, kwa sababu sasa inaburuzwa kiubavu. Dawa ni kinyume cha anachotamani: apunguze mafuta, arudishe usukani kidogo, tairi ipumue, ishike tena.

REHEMA: Nisimulie kilichonipata, kwa sababu nadhani wengi wako njia hiyohiyo. Msimu wangu wa kwanza nilikwenda gereji nikaomba gari liache kulala kwenye kona. Nikakatiwa springi, nikafungiwa stabilaiza nene ya mbele, ile fimbo ya chuma inayofunga gurudumu la kushoto na la kulia. Likatoka limekaa chini, gumu, linapendeza. Uwanjani likawa zito zaidi kukata kona kuliko lilivyotoka kiwandani. Nililia siku ile, kaka Idi, kwa sababu nilikuwa nimemaliza akiba yangu.

IDI: Pole sana. Na nataka tukae hapohapo, maana ukielewa kwa nini gari lile liligoma, mengine yote yanafunguka. Chukua gari la kilo 1,200. Kitovu cha uzito kiko nusu mita kutoka chini, na upana kati ya gurudumu la kushoto na la kulia ni mita moja na nusu. Likikata kona kwa nguvu ya 0.9 ya uzito wake, kilo 360 zinahama kutoka upande wa ndani kwenda upande wa nje. Lilikuwa na kilo 600 kila upande. Sasa nje kuna 960, ndani kumebaki 240.

REHEMA: Hata likiwa gumu kama jiwe?

IDI: Hata likiwa jiwe. Gari kulala ni kitu kimoja, uzito kuhama ni kitu kingine. Springi na stabilaiza haziondoi zile kilo 360. Zinachoamua ni mgawanyo: ngapi zihamie kupitia ekseli ya mbele, ngapi kupitia ya nyuma. Ekseli iliyo ngumu zaidi ndiyo inayobeba fungu kubwa.

REHEMA: Na hapo ndipo penye siri.

IDI: Ndipo. Kwa sababu tairi ukiiongezea mzigo, mshiko unaongezeka, lakini hauongezeki kwa kiwango kilekile. Mzigo ukiwa mara mbili, mshiko haufiki mara mbili. Kwa hiyo ekseli ambayo tairi ya nje imelemewa na ya ndani inaelea inashika kidogo kuliko ekseli ambayo tairi zake mbili zinagawana mzigo kwa usawa. Wewe ulifunga stabilaiza nene mbele. Ukaiambia ekseli ambayo tayari imechoka: chukua na hizi kilo za mwenzako.

REHEMA: Wakati nyuma kulikuwa na tairi mbili hazina kazi.

IDI: Kabisa. Sasa geuza. Iache ya mbele kama ilivyotoka kiwandani, weka stabilaiza nene nyuma. Ekseli ya nyuma inabeba fungu kubwa la zile kilo 360, tairi mbili za mbele zinapata nafuu. Ile ya mbele ya ndani, iliyokuwa inazunguka bure ukikanyaga mafuta, inarudi kugusa lami vizuri na kuvuta.

REHEMA: Nilipobadilisha, rafiki yangu alisimama pembeni akapiga picha. Gurudumu la nyuma la ndani lilikuwa limenyanyuka, unapitisha mkono chini yake. Nilishtuka, nikadhani kuna kitu kimevunjika.

IDI: Hakuna kilichovunjika. Gurudumu likishanyanyuka maana yake ekseli ya nyuma imehamisha kila ilichokuwa nacho. Kuanzia hapo, kukaza zaidi nyuma hakukupi kitu kwenye kona ile, kilo zinazobaki zinarudi kudaiwa mbele. Kwa hiyo ukiliona linapanda kiganja kimoja, umefika. Likipanda hadi kwenye goti, umepitiliza.

REHEMA: Na zile springi za kukatwa?

IDI: Zitoe. Nasema hivi kwa uzito wote. Magari mengi ya aina hii yana shokapu ya mbele iliyosimama wima, imeshikwa chini na mkono mmoja. Ukilishusha gari sana, mkono ule unaanza kupanda kuelekea gurudumu, na jiometria yote inaharibika: bodi inapata wenzo mrefu zaidi wa kulala nao. Halafu nafasi ya shokapu kucheza imeisha. Katikati ya kona inagonga raba ya mwisho, na ikigonga, mbele kunakuwa kugumu ghafla kuliko stabilaiza yoyote. Pua inaruka nje bila taarifa.

REHEMA: Bila taarifa kweli. Tuje kwenye kitu ambacho mtu anaweza kukifanya leo bila kununua chuma: upepo wa tairi.

IDI: Hapa napapenda. Chukua chaki, chora mistari mitatu minne kwenye bega la tairi ya mbele, pale uso wa tairi unapokutana na ubavu. Tairi nyingi zina alama ndogo ya pembetatu palepale. Ingia mzunguko mmoja, toka, angalia. Chaki ikifutika hadi kwenye ile pembetatu na isivuke, upepo umekaa. Ikifutika kushuka ubavuni, tairi inalala kwenye kona, ongeza. Isipoifikia, umejaza mno, uso wa tairi hautumiki wote.

REHEMA: Mimi naongeza au kupunguza psi 2 kila mara, naandika.

IDI: Vizuri. Na upime tairi ikiwa ya moto, mara tu unapotoka, maana upepo unapanda na joto. Kwa nyuma wengi wanajaza zaidi makusudi ili mkia uwe mwepesi. Inafanya kazi, lakini unanunua wepesi wa mkia kwa kuharibu mshiko. Kama huna stabilaiza bado, tumia njia hiyo, ni chombo cha kurekebisha pale uwanjani. Ila jambo moja watu hawaambiwi: mzunguko wa otokrosi mara nyingi ni dakika moja hivi. Tairi za mbele zinapata moto haraka kwa sababu ndizo zinazofanya kazi. Za nyuma zinabaki baridi.

REHEMA: Mzunguko wa kwanza mkia unateleza.

IDI: Unateleza, na mtu anakimbilia kurekebisha gari wakati tatizo ni baridi. Ingia mzunguko wa kwanza kwa adabu. Kufikia wa tatu au wa nne hali inageuka, za mbele zimezidi moto. Ndiyo maana unawaona watu wanapuliza maji kwenye tairi za mbele wakisubiri zamu.

REHEMA: Na aina ya tairi? Kwa sababu kuna mtu ananunua bomba la ekzosi na tairi zake zimekakamaa kama ubao.

IDI: Tairi kwanza, kabla ya kila kitu tulichotaja. Angalia namba ya kuchakaa ubavuni. Tairi za kawaida za safari zinaandikwa 400, 500 na kuendelea, mpira wake mgumu. Mashindano ya SCCA, klabu ya magari ya michezo kule Marekani, kwenye madaraja ya tairi za barabarani, yanataka namba isipungue 200, na watengenezaji wanatengeneza tairi laini kwa ajili ya kiwango hicho hasa. Namba hiyo kila kampuni inajipimia, kwa hiyo mbili za 200 si lazima zilingane. Lakini kutoka kwenye 500 kwenda kwenye 200 utadhani umebadilisha gari.

REHEMA: Ekzosi na filta ya hewa tuziruke?

IDI: Tuziruke. Nguvu ya ziada ya injini kwenye tairi zilizolemewa ni mzigo wa ziada.

REHEMA: Haya, kemba. Fafanua kwa asiyejua.

IDI: Kemba ni mlalo wa gurudumu ukilitazama kutoka mbele ya gari. Juu likilala kwa ndani, mafundi wanasema negativu. Gari likilala kwenye kona, gurudumu la nje linalazwa kwa nje pamoja na bodi, tairi inabaki imesimamia ukingo. Ukiwa umelilaza kwa ndani mapema, kwenye kona linakuja kukaa bapa. Kiwandani mbele unakuta sifuri hadi digrii 1. Kwa otokrosi, digrii 2 na nusu hadi 3 kwa mbele si nyingi. Nyuma weka pungufu ya mbele.

REHEMA: Mimi nilianzia na zile bolti za kemba, zinazochukua nafasi ya bolti ya shokapu na nakeli, kile chuma kinachoshika gurudumu. Zilinipa digrii moja na kidogo kila upande.

IDI: Kianzio kizuri. Lakini sikia: ukigusa kemba, umegusa pia mwelekeo wa magurudumu ukiyatazama kutoka juu. Usiondoke gereji bila kupima tena alaimenti. Watu wanafunga bolti, wanaondoka, kwa siku chache tairi imekwisha upande wa ndani, wanailaumu kemba. Kemba haikuila, alaimenti ndiyo iliyoila.

REHEMA: Na kuyatawanya magurudumu ya mbele kidogo, yaani ncha zake za mbele zitazame nje?

IDI: Milimita 1 au 2 jumla, pua inaitikia usukani mapema, hasa kwenye koni za kupita zigizaga. Nyuma wengine wanatawanya pia ili mkia uzunguke. Kwenye uwanja mtupu sawa. Kwenye barabara kuu, mvua inanyesha, mtu katokea ghafla ukaachia mafuta, gari linageuka nawe ndani. Gari unalorudi nalo nyumbani usilifanyie hivyo nyuma.

REHEMA: Naunga mkono. Difu je?

IDI: Difu ya kawaida inagawa nguvu sawa kwa magurudumu mawili, kwa hiyo lile lenye mshiko mdogo ndilo linaloweka kikomo cha yote mawili. Difu yenye kizuizi inaipeleka nguvu kwa lile linaloshika, gari linavutwa kuingia ndani ya kona ukikanyaga mafuta. Nikichagua, nitachukua ile ya gia za mshazari, haihitaji matengenezo ya mara kwa mara. Ila ghali, giaboksi inashuka yote. Iwe ya mwisho.

REHEMA: Tumefika kwenye mguu. Maana nimeona gari la kiwandani kabisa, dereva mzoefu, anatupita sote.

IDI: Kwa sababu anajua kuupeleka uzito mbele pale anapouhitaji. Ukiachia mafuta au ukigusa breki, pua inakandamizwa, mkia unakuwa mwepesi. Huo ndio wakati wa kukata usukani. Dereva Erik Carlsson alishinda mbio za rali za Monte Carlo mwaka 1962 na 1963 kwa Saab 96, gari dogo linalovuta kwa mbele, na alijulikana kwa kukanyaga breki kwa mguu wa kushoto huku wa kulia haujaachia mafuta. Ile injini ya mipigo miwili ilihitaji kubaki inazunguka kwa kasi, na breki ilimsaidia kuupeleka mkia. Mwaka uliofuata, 1964, Mini Cooper S ikashinda. Nayo inavuta kwa mbele.

REHEMA: Mguu wa kushoto ulinipa tabu. Umezoea klachi, unabamiza chini.

IDI: Jifunze mahali patupu, taratibu, kisigino kikiwa sakafuni, vidole tu vinafanya kazi. Na breki kuu iishe gari likiwa bado limenyooka, kisha uiachie pole pole unapoingiza usukani. Ukiiachia ghafla, pua inanyanyuka, umepoteza ulichokitafuta. Kwenye zigizaga, pumzisha mafuta kidogo kabla ya kila koni, na uiwahi koni. Ukichelewa ya kwanza utachelewa zaidi ya pili, na ya tano utaigonga. Kwa kanuni za SCCA koni moja ni sekunde 2. Hakuna stabilaiza inayokurudishia sekunde 2.

REHEMA: Basi Jumamosi nikienda na gari lisilo na kitu chochote, tairi nzuri tu, nifanye nini?

IDI: Chukua kipimo cha upepo, chaki na daftari. Toa kila kinachocheza ndani ya gari. Badilisha kitu kimoja kwa mzunguko mmoja, andika muda na ulichohisi pua ikifanya, kabla hujaongea na mtu. Na kaza nati za magurudumu kwa spana ya kupimia, kabla ya mzunguko wa kwanza na tena baada yake.