Waliokuwa Wanakwapua Mayai Ndo Wakawa Walinzi

Asanteni kwa kuja wandugu, na foleni yote hii ya Dar. Leo nawapeleka Kambodia, kwenye ziwa Tonle Sap. Mto wa ziwa hili ni wa ajabu kweli, kawaida unatoka ziwani kwenda kumwaga maji kwenye mto mkubwa wa Mekong, lakini Mekong ikifurika kuanzia kama mwezi wa sita unageuka unarudi ziwani, basi ziwa linatanuka kutoka kama kilomita za mraba 2,500 mpaka karibu 15,000, msitu wa pembeni unazama na samaki wanaingia kuzaliana humo humo katikati ya miti. Maji yakianza kushuka samaki wanabanana kwenye vidimbwi, na hapo ndo ndege wanajenga viota juu ya miti ya Prek Toal, eneo la msitu pembeni mwa ziwa, maana chakula cha makinda kiko jirani. Kuna mwari, mbizi, kwarara, na makorongo ya kila aina, mojawapo ni ndugu wa wale wenye upara mnaowaona sokoni Mwanza.

Sasa shida ilikuwa watu. Wanakijiji walikwea miti kila msimu wakachukua mayai na makinda wakauza, ndege wakapukutika. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Wizara ya Mazingira ya Kambodia na WCS, shirika la kimataifa la kuhifadhi wanyamapori, wakafanya kitu ambacho mimi nakipenda sana, waliwaajiri walewale wakwapuaji! Wakajengewa madungu juu ya miti kama ya kulindia mpunga, wanakaa kule msimu mzima wanalinda na kuhesabu viota. Ni nani mwingine anajua mti upi unapandika na korongo gani anarudi wapi? Mbizi waliokuwa mamia wakafika maelfu, na leo hakuna koloni kubwa ya ndege wa maji kuizidi hiyo Asia ya Kusini-Mashariki. Sisi huku tukisikia uhifadhi tunawaza geti na bunduki tu, inaniuma.

Ila mlinzi wa dungu hazuii ukame. Mwaka 2016 maji yalikuwa kidogo, moto ukala sehemu kubwa ya msitu, na mabwawa ya umeme huko juu ya Mekong yanazidi kuvuruga mafuriko yenyewe, yaani mafuriko yakipungua samaki wanapungua, ndege watalisha nini?

Najua humu kuna watu wa Kilombero na Rufiji. Kabla ya maswali nataka niwasikie nyie: kwenu nani anaijua miti ya viota, na kuna mtu amewahi kumuuliza?